Chupa Tatu za Veronika

Jumatatu, 5 Januari 2026

Leo nimefunga hesabu za mwaka. Asia, msaidizi wangu, kashika daftari la stoo, mimi kikokotoo. Chupa 214 za mafuta ya nywele zimetoka na hela haikurudi. Siyo zilizovunjika. Siyo zilizoibiwa. Zilizogawiwa! Kwa mkono wangu mwenyewe, kwenye mfuko mzuri wenye utepe, eti zawadi kwa watu maarufu wa mtandaoni ili wanipostie.

Chupa moja kuitengeneza — nyonyo, nazi, karafuu, chupa yenyewe, kizibo, lebo, gesi, mishahara — 4,150. Mara 214. Laki nane, themanini na nane elfu na mia moja. Hapo sijagusa bei ya dukani, 12,000. Nikiigusa nitalia.

Nikamuuliza Asia: katika hao wote, nani ametuletea mteja hata mmoja tunayemjua kwa jina? Akafikiri mpaka chai ikapoa. Akasema labda yule dada wa Kihonda. Halafu akakumbuka kwamba yule mteja alirudisha chupa.

Furaha peke yake kachukua 38. Furaha ndiye anayepamba maharusi wa mji huu, ana wafuasi elfu sitini na moja, hapiti mahali bila kupigwa picha. Video aliyonifanyia ilikuwa sekunde nne. Chupa yangu iko nyuma kabisa, mbele kuna simu yake mpya. Kwa chupa 38!

Kinachoniuma siyo hela tu. Mimi nimesuka watu miaka miwili kwenye saluni ya mama mmoja hapa mjini, na kila mwisho wa mwezi naambiwa, chukua mafuta haya mwanangu, yatakusaidia. Kopo la mafuta ndiyo mshahara! Mwenye nyumba hakuwahi kupokea kopo. Nikawa nayauza kwa miguu stendi ya Msamvu, moja moja, jua la saa saba, mpaka nikajifunza kupika ya kwangu. Leo nina kiwanda kidogo Bigwa, sufuria nne kubwa, watu watano wanalipwa tarehe 28 bila kukumbushana. Sijakopa kwa mtu. Na bado nimekuwa nikigawa makopo kama yule mama, na kushangaa kwa nini hakuna anayefanya kazi.

Basi. Imekwisha leo.

Alhamisi, 8 Januari

Sheria mpya nimeiandika kwa mkono, Asia kaichapa, tumeibandika ukutani na kuwatumia wote.

Mteja apige simu au atume ujumbe, ataje jina la aliyemtuma. Akitaja, analipa 11,500, anaokoa mia tano yake. Aliyetajwa anapata 2,500 kwa kila chupa. Jumamosi saa sita mchana hela iko kwenye simu yake. Ukiuza mia, unalipwa za mia. Usipotajwa hakuna kitu, na chupa ya bure haipo tena, hata ya kunusa.

Kwangu inabaki 4,850. Kwa bei ya jumla chupa nauza 9,000 kuanzia dazeni moja — toa gharama, inabaki 4,850 ile ile. Siyo bahati. Nimezisukuma namba siku mbili mpaka zikalingana.

Chini kabisa nimeongeza mstari wangu: Kwa Eufrazia hakuna mtu anayefanya kazi bure. Asia alisema unasikika kama wa kampeni. Mwache. Ubaki.

Tumewatumia kumi na wanne. Kumi na mmoja wamesoma wakanyamaza. Furaha kanitumia sauti. Akaanza na shikamoo dada, akauliza hali ya biashara, akauliza hali ya mvua, halafu ndipo: "Dada Eufrazia, mimi siyo winga wa Kariakoo, wa kuvutia wateja madukani kwa kamisheni. Mimi ni chapa." Nimeisikiliza mara tatu. Chapa!

Wawili wamekubali. Wawili tu.

Mmoja ni Hamza, kinyozi wa Dumila, pale njia panda. Ananyoa madereva wa malori na kuwarekodi wakibishana. Nikamuuliza kinyozi atauzaje mafuta ya nywele. Akajibu, kwani dada, ndevu ni nywele au ni majani?

Wa pili ni Veronika, wa kwetu mlimani, juu ya Nyandira. Mama yake na mama yangu ni ukoo mmoja, kwa hiyo ananiita mama mdogo ingawa nimemzidi miaka kumi na mmoja tu. Analima kabichi na karoti, ana wafuasi 1,140. Anajirekodi shambani, matope mpaka magotini, halafu anavua kitambaa anaonyesha nywele. Na nywele anazo, sikatai. Alisita. Alisema hajui Kiswahili cha watu wa Dar. Nikamwambia hakuna aliyemuuliza Kiswahili.

Chupa yake ya kwanza nimemuuzia 11,500. Hata yeye. Katuma hela ya karoti siku hiyo hiyo. Sheria ni sheria.

Jumamosi, 17 Januari

Malipo ya kwanza! Saa sita kamili, nimekaa na simu kama mhasibu wa serikali.

Hamza chupa 22. Elfu hamsini na tano. Akanipigia akidhani nimekosea kutuma. Nikamsomea majina ya wateja mmoja mmoja, akasema atanunua kiti kipya cha kunyolea.

Veronika chupa 2. Elfu tano. Akajibu: Nimeona mama mdogo, asante.

Vizuri kwa kuanza. Ndiyo raha ya sheria hii, haimpendelei mtu wala kumwonea. Namba inasema, mimi natuma.

Alhamisi, 22 Januari

Mwinjuma kaja tena. Huyu ana lori la mboga, toka Mgeta kwetu mlimani kuja mjini, anashusha kabichi sokoni alfajiri halafu anarudi juu na mizigo ya watu. Alhamisi iliyopita alichukua dazeni mbili za jumla, leo dazeni mbili nyingine. Hela taslimu, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni, noti za elfu moja moja zenye udongo. Hapigi stori. Anahesabu, anapakia, anaondoka.

Napenda jumla. Haina jina la mtu, haina wa kulipwa Jumamosi.

Jumamosi, 14 Februari

Siku ya wapendanao, na mimi nimependwa na namba.

Hamza wiki hii peke yake 63. Laki na hamsini na saba elfu na mia tano! Dereva mmoja alimwambia laivu kwamba mke wake kamfukuza kwa sababu ya ndevu, Hamza akampaka mafuta pale pale, akampigia mke. Mke kasema arudi. Kuanzia saa hiyo simu ya Asia haikupoa. Wanaume wanaagiza kutoka Gairo, kutoka Dodoma, wanaona aibu kutaja ni ya nini. Wanasema ni ya dada yangu.

Na Furaha kaja. Mwenyewe, kwa miguu yake, viatu virefu kwenye tope la Bigwa. Akakaa, akasifia harufu ya karafuu, akasema amesikia kinyozi kanunua kiti. Nikasema ndiyo. Akasema anaweza kunisaidia kwa sababu anapenda wanawake wanaopambana. Nikampa karatasi ya sheria. Akaisoma kama risiti ya mtu mwingine. Akauliza chupa ya kuanzia je? Asia ndiye aliyejibu, kwa heshima kabisa, kwamba ni elfu kumi na moja na mia tano, na kwamba tunapokea pia kwa simu.

Kalipa. Furaha kalipa! Nilikaa nikitazama ile hela baada ya yeye kuondoka.

Mwinjuma juzi dazeni tano.

Alhamisi, 19 Februari

Mwinjuma dazeni sita leo. Chupa 72! Asia ana mfungo wa pili leo, mimi Kwaresima yangu imeanza jana, tumefunga maboksi wote wawili bila maji tukicheka kama wazimu.

Nikamuuliza Mwinjuma huko kuna nini. Akasema wanawake wameyashika mafuta. Alikuwa anafunga turubai, wingu limeshajaa, sikumuuliza zaidi. Nina uhakika sikuhitaji kuuliza. Kitu kizuri kikifika mlimani kinajiuza. Nilizaliwa huko, nawajua. Hawadanganyiki na mapambo. Wakipenda wamependa.

Veronika jina lake limetajwa mara moja. Zake zote tangu Januari sasa ni tatu. Asia anasema binti anaposti kila siku, asubuhi hajanywa hata uji yuko shambani na chupa mkononi, tungempa hata kitu kidogo cha kumtia moyo. Nikamuuliza: kitu kidogo kama kopo la mafuta? Akarudi kubandika lebo. Asia anaijua stori yangu ya saluni.

Jumamosi, 28 Februari

Furaha, wafuasi elfu sitini na moja: chupa 9 kwa wiki mbili. Elfu ishirini na mbili na mia tano. Kaniandikia kwamba kuna tatizo la mtandao. Nimemjibu kwa upole kwamba Dumila pia wanatumia mtandao huo huo.

Hamza 51. Veronika 0.

Jumla kwa Mwinjuma juzi 84.

Nilikwenda kanisani jioni. Sikuomba kitu. Nilishukuru tu, kwa muda mrefu.

Jumapili, 8 Machi

Sijui nianzie wapi!

Siku ya Wanawake. Kamati ya maandalizi iliniomba nizungumze dakika kumi kwenye mkutano wa wanawake wafanyabiashara. Ukumbi umejaa, wengine wamesimama milangoni. Nilivaa kitenge cha bluu. Nikasema 888,100 na ukumbi mzima ukaguna. Hapo nikajua nimewashika.

Nikawaambia yote. Chupa 214. Sekunde nne za video (jina sikumtaja, lakini walicheka, wanamjua). Saluni. Kopo. Nikawaeleza sheria ilivyo, 2,500 na Jumamosi saa sita. Nikasema mtu mwenye wafuasi elfu sitini kauza tisa na kinyozi wa njia panda kauza sitini na tatu. Wakapiga makofi.

Mama mmoja kanyoosha mkono, akauliza je, wale wenye moyo lakini hawauzi, hatuwaonei? Nikamjibu: "Nina binti mlimani, wa ukoo wangu kabisa. Anaposti kila siku ya Mungu. Wiki nane, chupa tatu. Nimemlipa elfu saba na mia tano, na simwongezei hata mia. Moyo anao, soko hana. Kwangu namba haijui undugu."

Ukumbi uliinuka. Waliinuka! Wanawake waliokuwa wananunua kwangu kopo moja Msamvu na kuomba wapunguziwe.

Asia kanirekodi. Nikamwambia aweke kipande hicho cha mwisho kwenye ukurasa wetu. Aliuliza mara mbili, hiki? Nikasema hicho hicho. Mpaka naandika hapa wametazama elfu kumi na mbili.

Alhamisi, 12 Machi

Klipu imefika elfu arobaini na nane. Nimeitwa kuzungumza Dodoma.

Mwinjuma kachukua dazeni moja tu. Wiki jana 96, leo 12. Nikadhani ni barabara, mvua imekata sehemu. Kasema barabara ni mbaya lakini anapita. Kasema hizo kumi na mbili ziliagizwa tangu Jumamosi. Sikuelewa "ziliagizwa" ina maana gani, na yeye alikuwa na haraka.

Alhamisi, 19 Machi

Mwinjuma kapita bila kusimama. Lori limepita mbele ya geti langu! Asia kamkimbilia mpaka darajani.

Nikampigia. Nilikuwa nimekasirika, nikamuuliza kama kapata mafuta kwa mtu mwingine. Akasema, "Dada, mimi sibebi kitu kisicho na mwenyewe. Wiki hii hakuna aliyeagiza. Wanawake wanasema Veronika kaacha."

Kaacha nini?

"Kaacha kuonyesha. Wao walikuwa wanaagiza kwake. Wakishamtazama kwenye simu wanakuja na hela siku ya soko, wananipa mimi, mmoja mmoja, jina na hela. Wakifika kumi na wawili nakuja kwako. Au ulidhani mimi ndiye nasuka?"

Nimekata simu bila kuaga. Sijawahi.

Ijumaa, 20 Machi

Asia yuko nyumbani na sikukuu yao. Nimebaki peke yangu na daftari la jumla.

Mwinjuma, tangu Januari: 24, 24, 36, 48, 60, 72, 84, 96. Halafu 12. Chupa 456. Kabla ya Veronika kuanza, jumla ya kwenda Mgeta: sifuri. Ukurasa uko hapa, mweupe, nimeuandika mimi, nimeutazama kila wiki.

Mlimani hawatumi hela kwa simu kwa mtu wasiyemwona usoni. Hawapigi simu kutaja jina. Wanaagiza kwa gari! Mbolea kwa gari. Dawa kwa gari. Viatu vyangu vya darasa la kwanza mama aliagiza kwa gari la mboga, akapima mguu wangu kwa kijiti cha mbaazi akampa dereva kile kijiti. Mimi! Nimekaa mjini miaka mingi mpaka nimetunga sheria ambayo mama yangu mwenyewe isingemlipa.

456 mara 2,500. Milioni moja, laki moja na arobaini elfu.

Nimempa elfu saba na mia tano. Na kumtangaza kwa watu elfu arobaini na nane.

Nimejaribu kujitetea kwa namba, ndiyo kazi yangu. Mwinjuma anawauzia 10,500, yaani ana 1,500 ya usafiri, halali yake, ndivyo anavyofanya kwa kila mzigo. Nikimlipa Veronika 2,500 juu ya jumla, kwangu inabaki 2,350 badala ya 4,850. Inabana. Na Hamza akisikia, atauliza habari ya maduka ya Dumila yanayochukua jumla kwa sababu yake. Na atakuwa na haki. Nimefanya hesabu zote hizo, zote ni sahihi, na hakuna hata moja inayofuta ile sentensi ukutani. Naiona kutoka hapa nilipokaa.

Nimempigia Veronika mara nne. Simu inaita tu.

Jumatatu, 23 Machi

Naandika nikiwa mezani kwa Veronika. Yeye katoka. Nitaeleza.

Nimepanda na lori la Mwinjuma, mbele, kati yake na gunia la sukari la mtu. Barabara ni utelezi mtupu, mara mbili tumeshuka kuweka mawe. Tulipofika sokoni mwanamke mmoja akachungulia ndani akamuuliza Mwinjuma, huyu ndiye mwenye mafuta ya Veronika? Mafuta ya Veronika! Jina langu liko kwenye lebo, herufi kubwa. Nikasema ndiyo, ndiye mimi. Akanitazama juu mpaka chini na kwenda zake. Hakuniamkia, na ni mdogo kwangu.

Nilichokiona kuanzia pale mpaka hapa kwake: vichwa. Njia nzima. Wanawake wenye mitungi, wenye mizigo ya majani, nywele zinang'aa, na ile harufu yangu ya karafuu inapita na upepo wa baridi. Kwa dakika chache nilisahau nimekuja kufanya nini. Nilitembea kifua mbele kama niliyeipanda milima hii mimi.

Veronika alikuwa anachambua karoti mlangoni. Kasimama, kanipa mkono. "Shikamoo bosi. Karibu."

Bosi. Siyo mama mdogo.

Nikakaa. Nilikuwa nimepanga maneno njiani lakini nikaenda moja kwa moja kwenye namba, ndiyo lugha yangu. Nikamwambia nimekuja kumlipa chupa 456, milioni moja na laki moja na arobaini elfu, hela iko kwenye simu, tukipanda pale penye mtandao naituma sasa hivi.

Hakuruka. Hakushukuru. Alifuta mikono, akaingia ndani, akatoka na daftari la shule lenye jalada la bluu. "Zangu ni mia nne sabini na moja. Mbali na zile tatu."

Mimi ambaye nimewahi kuwarudisha makarani wawili wa benki wahesabu upya! Nikaomba nione. Karatasi zimepigwa mistari kwa rula. Jina la mwanamke, kitongoji, chupa ngapi, siku aliyompa Mwinjuma hela. Chini ya kila ukurasa jumla, na jumla imebebwa juu ya ukurasa unaofuata. Hakuna kufutafuta. Sina mfanyakazi hata mmoja Bigwa mwenye daftari kama hili. Na mimi ni nani nisione fahari, hata pale pale katikati ya aibu? Ni damu ya kwetu hii.

Tofauti ni 15. Anasema ni za kwaya. Angelina, kiongozi wao, aliteremka mwenyewe Februari kununua vitambaa vya sare, akapita dukani kwangu, akachukua chupa 15 za wanakwaya kwa bei ya jumla. Hazikupita kwa Mwinjuma. Daftari la dukani liko Bigwa, simu ya Asia haipatikani kutoka hapa.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Wiki nane! Ungenipigia mara moja.

Alikuwa anaendelea na karoti. "Nilidhani unajua. Mtu anayejua bei ya kizibo cha chupa, nikasema hawezi kuwa hajui chupa mia nne zimekwenda kwa nani. Nikawa nasubiri Jumamosi utakayotuma. Baadaye nikaona klipu. Nikasema haya, kumbe ndiyo jibu."

Kwamba sikujua ni kweli. Kwamba nilikuwa na nafasi ya kujua kila Alhamisi, na sikuuliza kwa sababu jumla haina wa kulipwa, hiyo pia ni kweli.

Nikamwambia nataka awe wakala wangu wa mlima mzima, na kila chupa inayopanda kwa gari ina 2,500 yake, iwe jumla isiwe jumla. Akasema atafikiri, kuna palizi. Nikamwambia basi angalau nipokelee hii hela leo.

"Hela nitapokea, nimeifanyia kazi. Ila ulinisema kwa mdomo, tena watu wakapiga makofi. Uniseme kwa mdomo tena. Na namba. Pale pale ulipoweka ile."

Nikamwambia wateja wakiona mimi mwenyewe nimekosea hesabu, nani ataamini hesabu zangu? Dodoma wameniita kwa sababu ya hesabu. Akasema hajui Dodoma. Akainuka kwenda kumwita Angelina aje ashuhudie zile 15, maana anajua siandiki kitu bila ushahidi.

Hapo ndipo nilipo. Daftari lake liko mbele yangu. Pembeni ya jumla za kila wiki kuna maneno madogo ya penseli. Wiki ya kwanza: ataniuliza. Wiki ya tatu: labda mwezi ukiisha. Wiki ya sita: anaumwa? Wiki ya nane hakuna neno, namba tu.

Nimeandika 471. Kwa kalamu yangu, chini ya jumla yake, na tarehe, na sahihi. 1,177,500. Sijamsubiri Angelina.

Mwinjuma kapiga honi mara mbili, anataka tuteremke kabla mvua haijarudi. Nasikia watu wanakuja kwenye kijia. Siyo Angelina peke yake. Saba, nane — kumi na moja. Wote wamevua vitambaa. Veronika yuko mbele, kashika simu juu kama anavyofanya shambani, anatafuta mwanga. Ananiita kutoka nje, anasema hapa hakuna mtandao lakini kurekodi simu inarekodi, na anauliza kama niko tayari.

Na mimi kilemba kimelowa, nywele sijachana tangu alfajiri. Mwenye mafuta!

Nimesimama. Mmoja wao ananiletea kitana —